George Lewis na klarineti ya New Orleans: alivyopiga, na kwa nini ilisikika vile

Anayemsikia George Lewis, mpiga klarineti wa jazi wa Marekani, kwa mara ya kwanza kwa kawaida humsikia kwenye ile bluzi yake ya taratibu, Burgundy Street Blues, klarineti ikilia mbele huku banjo na besi zikiisindikiza. Ni rekodi nzuri mno, nami nitaifikia. Lakini anayeishia hapo anamkosa. Lewis alikuwa mpiga klarineti wa kundi. Karibu maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuzunguka sauti ya tarumbeta ya mtu mwingine, kwenye kumbi za dansi, barabarani na mazikoni, na ustadi wake mkubwa ni kujua pa kuingia na pa kupisha. Nayaandika haya kwa msikilizaji anayetaka kusikia zaidi ya ule utamu wa juu, na kwa mpigaji anayetaka kuujaribu mtindo wenyewe.

Alizaliwa New Orleans tarehe 13 Julai 1900, katika Mtaa wa Kifaransa. Mama yake, Alice Zeno, alikuwa mtumishi wa majumbani, na katika ukoo wake ilibaki kumbukumbu ya bibi wa vizazi vya nyuma aliyeletwa Louisiana utumwani kutoka Senegal. Lewis hakusomeshwa muziki. Alianza na filimbi ya kitoto, baadaye akapata klarineti, akajifunza kwa sikio, na hakuwahi kuwa msomaji wa noti. Kwa mji ule jambo hilo lina uzito. New Orleans ilikuwa na shule madhubuti ya klarineti iliyozunguka familia ya Tio, Wakrioli waliosoma noti na kufundisha kwa vitabu vya mazoezi. Lorenzo Tio mdogo ndiye aliyewafundisha Barney Bigard, Albert Nicholas na Omer Simeon. Wasikilize hao watatu: vidole ni vyepesi, sauti ni ya mviringo, ngazi za noti zimenyooka toka chini hadi juu. Lewis anakwenda njia nyingine. Mapito yake mengi ni noti za kodi, yaani noti zinazopatana kwa pamoja, zilizovunjwa moja moja, zikirudi na kurudi kwa mpangilio anaoupenda, na uzito wake uko kwenye mdundo na kwenye mtetemo wa sauti. Wakosoaji walimpima kwa kipimo cha shule ya Tio wakasema ana upungufu. Naona kipimo kilikuwa kibovu.

Chombo chenyewe kinaeleza mengi. Wapiga klarineti wa kizazi chake huko New Orleans, waliosoma na wasiosoma, walitumia klarineti ya mfumo wa Albert, uliopewa jina la Eugène Albert, fundi wa Brussels. Ya kawaida ina vibonye 13 na pete chache. Klarineti inayouzwa madukani leo ni ya mfumo wa Boehm, yenye vibonye 17 na pete 6. Tofauti hii inaonekana vidoleni. Kwenye Boehm kidole kimoja kinaweza kufunga tundu lililo mbali kwa msaada wa pete na fimbo, na noti nyingi zina njia mbili au tatu za kuzipiga. Kwenye Albert njia ni chache. Baadhi ya noti hupigwa kwa kuruka tundu katikati, na kidole kidogo hulazimika kuteleza kutoka kibonye kimoja hadi kingine. Ndiyo maana vibonye hivyo huwekewa viroli vidogo vinavyozunguka. Kasi ya kupita kwenye funguo za muziki zenye alama nyingi za kupandisha au kushusha noti inapungua. Faida yake ni kwamba vidole vinagusa mashimo moja kwa moja, bila pete nyingi katikati, kwa hiyo mpigaji anaweza kulifungua tundu polepole na kuiburuta sauti kutoka noti moja kwenda nyingine. Ile kuburuta unayoisikia kwa Lewis na kwa Johnny Dodds, mpiga klarineti mwingine wa New Orleans, inasaidiwa sana na chombo. Klarineti nyingi za Albert pia zina tundu pana la ndani, na sauti inatoka nene na wazi zaidi.

Zingatia vilevile kwamba klarineti haipandi kama filimbi au saksafoni. Filimbi ikipulizwa kwa nguvu zaidi hupanda oktava, na saksafoni pia, ukibonyeza kibonye cha kidole gumba cha kushoto. Klarineti, kwa kibonye cha kidole gumba hichohicho, hupanda hatua kumi na mbili, kwa sababu ni bomba lenye upana uleule lililozibwa upande mmoja. Matokeo yake ni sauti tatu ndani ya chombo kimoja. Chini ni nene na ya giza. Juu ni kali na inapenya. Katikati kuna noti chache dhaifu, zile zinazopigwa vidole vikiwa vimeachia karibu kila kitu. Kuvuka kutoka hapo kwenda juu kunataka vidole karibu vyote vishuke kwa mpigo mmoja. Tundu moja likivuja kidogo, klarineti inapiga kelele badala ya noti. Anayeanza husingizia ulimi wa mwanzi, kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni, wakati mara nyingi kosa ni kidole cha pete cha mkono wa kulia kisichofunika sawasawa.

Kwa anayetaka kununua klarineti kuukuu ya Albert, na bado zinapatikana kwa bei nafuu, kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Zamani bendi nyingi zililinganisha vyombo kwa usawa wa juu wa sauti, ambapo noti ya A ilikuwa karibu herzi 452, na nyingine usawa wa chini wa herzi 440 tunaoutumia leo. Tofauti ni karibu nusu ya nusutoni. Klarineti nyingi zimegongwa alama, HP kwa usawa wa juu na LP kwa wa chini. Isipokuwa na alama, chukua futi: klarineti ya B♭ ya usawa wa chini, bila kipande cha mdomoni, ina urefu wa karibu sentimita 60, ya usawa wa juu ina karibu 57. Usidanganyike kwamba utaivuta tu pale juu, kwenye kile kipande kifupi kilicho chini ya kipande cha mdomoni, ishuke. Ukivuta, noti zinazotumia bomba fupi zinashuka sana na noti za chini zinashuka kidogo. Utapata chombo kilichopotoka chenyewe kwa chenyewe, na hakuna mdomo wa kukisahihisha kwa usiku mzima.

Kabla ya kulipa, jaribu kila kipande peke yake: ziba mashimo yote kwa vidole, ziba upande wa chini kwa kiganja, vuta hewa kwa mdomo upande wa juu. Mvuto ukidumu sekunde tatu au nne, pedi, vile vifuniko laini vya mashimo, ziko salama. Ukipotea papo hapo, hesabu gharama ya kubadilisha pedi zote. Kisha kagua nyufa, hasa sehemu ya juu karibu na mashimo. Klarineti nyingi za mbao ni za mpingo, mti uleule wa Tanzania na Msumbiji. Kule Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Ni mbao nzito inayozama majini, lakini haipendi mabadiliko ya ghafla. Pumzi ya moto yenye unyevu huivimbisha kwa ndani, nje bado imepoa, nayo inapasuka. Ikiwa mpya, au imekaa miaka bila kupigwa, ipige dakika 15 hadi 20 tu kwa siku katika wiki za mwanzo, na uikaushe ndani kila unapomaliza.

Turudi kwa Lewis. Kufikia 1917 alikuwa tayari anapiga na bendi ng'ambo ya Ziwa Pontchartrain, upande wa Mandeville, na katika miaka ya 1920 alipiga na karibu kila mpiga tarumbeta mwenye jina mjini, wakiwemo Buddy Petit, Chris Kelly na Kid Rena. Mwaka 1931 alikuwa kwenye bendi ya Evan Thomas, magharibi mwa Louisiana, pamoja na mpiga tarumbeta Bunk Johnson. Novemba ya mwaka huo, dansi likiendelea katika mji wa Rayne, mtu alimvamia Thomas jukwaani kwa kisu na kumuua. Bendi ikavunjika. Tarumbeta ya Bunk iliharibiwa katika vurugu zile, na kwa karibu miaka kumi hakusikika tena. Lewis akarudi nyumbani, akaingia bandarini kuwa kuli.

Huo ndio msingi wa maisha yake ya kati: mchana mizigo, jioni au Jumapili muziki. Alikuwa mtu mwembamba, na kazi ya gati ilikuwa nzito. Barabarani alipiga klarineti ya E♭ katika bendi za matarumbeta. Klarineti hiyo ni ndogo, karibu sentimita 49 badala ya 66 ukihesabu na kipande cha mdomoni, na sauti yake iko hatua nne juu ya ile ya B♭. Sababu ya kuitumia ni ya kiutendaji. Uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti, na klarineti ya kawaida humezwa na matarumbeta na tuba. Ile ndogo haina nguvu kuliko wao; iko juu yao, mahali ambapo hakuna mwingine, kwa hiyo inasikika hadi kona ya mtaa. Safu nazo zina mantiki yake: matromboni hutangulia mbele ili mikono yao ya kuvuta isigonge migongo ya watu. Kwenye maziko, wakati wa kwenda makaburini, nyuzi za ngoma ndogo hulegezwa ili itoe mlio uliofifia, na nyimbo za dini hupigwa polepole sana. Mwili ukishaachwa, nyuzi hukazwa, ngoma inaita, na mwendo unabadilika. Rekodi za bendi ya namna hiyo aliyoiongoza Bunk Johnson zilifanywa Mei 1945, na Lewis yumo na klarineti yake ya E♭. Sikiliza anavyoshikilia noti moja ndefu ya juu huku shaba zote zikitembea chini yake. Ni vigumu kuliko mapito ya haraka, maana klarineti ya E♭ ina mdomo mdogo na kosa dogo la taya linaipotosha noti waziwazi.

Sasa, kuhusu kundi lenyewe. Mwaka 1942 wapenzi wa jazi kutoka nje ya mji walikuja New Orleans kumrekodi Bunk Johnson, aliyekuwa amegunduliwa upya na kupatiwa meno ya bandia na tarumbeta. Bunk alimtaka Lewis. Mei 1943 mtafiti William Russell akarudi, akamrekodi Lewis akiwa kiongozi, na Kid Howard kwenye tarumbeta, Jim Robinson kwenye tromboni, Lawrence Marrero kwenye banjo, Chester Zardis kwenye besi na Edgar Moseley kwenye ngoma. Lewis alikuwa na miaka 42. Rekodi hizo zilitoka kwa lebo ya Climax, na kwangu ndizo darasa bora kuliko zote za namna klarineti inavyofanya kazi ndani ya kundi.

Kazi imegawanyika hivi. Tarumbeta ina wimbo. Tromboni inajaza chini na kuunganisha kodi moja na inayofuata. Klarineti iko juu ya tarumbeta na inazungumza mfululizo. Bendi hizi hupiga zaidi kwenye funguo za B♭, E♭, F na A♭, ambazo kwa klarineti ya B♭ zinasomeka C, F, G na B♭, kwa hiyo vidole vinakaa mahali pa starehe. Ukitaka kujifunza, chukua wimbo rahisi wenye kodi tatu nne. Kwanza piga noti moja tu kwa kila kodi, ile ya tatu ya kodi, na uisogeze kidogo kadiri inavyowezekana kodi inapobadilika. Usiongeze kitu hadi uweze kufanya hivyo wimbo mzima bila kufikiri. Hapo umepata uti wa mgongo wa sauti ya pili. Halafu zivunje kodi kwa noti nane katika kila baa, ukitua kwenye ile noti yako mwanzoni mwa baa. Halafu, na hapa ndipo wengi hushindwa, anza kuondoa. Tarumbeta inapotamka maneno ya wimbo, punguza. Inapovuta pumzi mwishoni mwa sentensi, ingia na ujaze.

Makosa ni yaleyale kila mahali. La kwanza ni klarineti kupiga wimbo pamoja na tarumbeta. Wasikilizaji hawapati sauti mbili, wanapata tarumbeta yenye makunyanzi. La pili ni kushuka chini wakati tromboni inasema. La tatu ni kupaa juu kabisa tangu kiitikio cha kwanza, kisha usiwe na pa kwenda wimbo unapochemka. Lewis huanza nyimbo nyingi katikati ya chombo na kuzitunza zile noti kali kwa viitikio viwili vya mwisho. La nne ni ulimi mgumu wa mwanzi. Vijana hununua namba 3 na nusu wakidhani ndiyo sauti kubwa. Kwa mtindo huu namba 2 au 2 na nusu inatosha: inaruhusu kuburuta noti na haikuchoshi mdomo dansi linapoendelea kwa muda wa saa nne. Ukiufunga, acha ncha ya kipande cha mdomoni ionekane juu ya ulimi kwa unene wa unywele. Ukiuweka juu zaidi sauti inakuwa nzito na haifunguki. Ukiushusha inakuwa nyembamba na inapiga kelele.

Kuna pia ule mtetemo wake. Kwenye klarineti mtetemo wa aina hii unatoka tayani: taya linalegea na kukaza kidogo sana, kwa mwendo usiobadilika. Wa Lewis ni wa haraka na unakuwa wazi zaidi mwishoni mwa noti ndefu. Wanaomwiga hulegeza mno, noti inaanguka chini ya usawa wake, na inasikika kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Zoezi ni kushika noti moja ya sauti ya chini dhidi ya kipima usawa, bila mtetemo kwa pumzi nzima, kisha kuuongeza huku usawa ukibaki palepale.

Katikati ya mwaka 1944 Lewis aliumia vibaya bandarini. Kifua kilikaribia kupondwa. Alikuwa anauguzwa nyumbani kwake, St. Philip Street, na akiwa bado kitandani akaanza kujizoeza upya. Marrero alikuja na banjo yake, Alcide Pavageau na besi yake ya kusimama, na Russell akaleta mashine ya kukata santuri. Bluzi aliyoibuni hapo ndiyo Burgundy Street Blues. Hakuna tarumbeta, kwa hiyo hakuna wa kumzunguka. Ngoma haipo, hivyo hakuna sababu ya kupaza. Mambo hayo mawili yanamrudisha kwenye sauti yake ya chini, ile inayopotea bendi kamili inapopiga. Baada ya hapo aliipiga miaka yote iliyobaki, kwa sababu kila ukumbi uliidai. Matoleo ya baadaye yamenyooka zaidi. La 1944 lina pumzi fupi na kusita, na ndilo ninalolirudia.

Septemba 1945 Bunk Johnson alianza kupiga New York, ukumbi wa Stuyvesant Casino, pamoja na Lewis, Robinson, Marrero, Pavageau, Alton Purnell kwenye piano na Baby Dodds kwenye ngoma. Magazeti yalikuja, wapenzi wakajaa. Bunk na wenzake hawakuelewana vizuri, na kufikia 1946 safari hiyo ilikuwa imekwisha. Lewis alirudi New Orleans kupiga baa, sasa akiwa kiongozi wa bendi hiyohiyo bila Bunk. Makala ya picha katika gazeti la Look mwaka 1950 ndiyo iliyomfungulia mlango wa kumbi za nje ya mji.

Uingereza ni sura ya pekee. Ken Colyer, mpiga tarumbeta wa Kiingereza, alijiunga na meli za mizigo ili afike Marekani, akashukia Mobile, akaenda New Orleans mwaka 1952 kumsikiliza Lewis na kukaa naye jukwaani. Alipitisha muda wa kibali, akafungwa, akarudishwa kwao mwaka 1953. Mtindo aliorudi nao ulienea nchi nzima. Kwa miaka mingi vyama vya wanamuziki vya nchi hizo mbili vilizuia bendi kuvuka, na makubaliano ya kubadilishana yalianza 1956. Ndiyo sababu mwaka 1957 Lewis alifika peke yake na kupiga na bendi ya Colyer, na mwaka 1959 ndipo alipokuja na wenzake. Waingereza waliokulia katika wimbi hilo ni pamoja na Monty Sunshine na Acker Bilk, ambaye klarineti yake ilishika namba moja Marekani mwaka 1962. Japani alikwenda mara tatu, 1963, 1964 na 1965, na Osaka ilipata bendi iliyoufuata mtindo wake kwa uaminifu mkubwa.

Kwetu mtindo huu ulipita kwa kugusa tu. Louis Armstrong alipopiga Léopoldville (Kinshasa ya leo) Oktoba 1960, klarineti iliyokuwa jukwaani ilikuwa ya Barney Bigard, mwanafunzi wa Tio. Mji huo tayari ulikuwa na klarineti yake ya rumba, ya Jean Serge Essous, aliyepiga na bendi ya OK Jazz katika miaka ya 1950, ambaye alitoka njia tofauti kabisa.

Miaka yake ya mwisho Lewis alikuwa nguzo ya Preservation Hall, ukumbi mdogo wa St. Peter Street uliofunguliwa 1961, usiouza pombe na usio na vipaza sauti. Alifariki New Orleans tarehe 31 Desemba 1968, na alizikwa kwa bendi.

Ukianza kumsikiliza, anza na rekodi za 1943. Sikiliza kila wimbo mara tatu: mara ya kwanza fuata tarumbeta pekee, ya pili tromboni pekee, ya tatu klarineti, ukihesabu baa ambazo Lewis anashikilia noti moja au ananyamaza. Chukua kalamu uziandike, kisha piga pamoja naye ukizipisha hizohizo. Ndipo uende kwenye bluzi ya 1944.